Safari ya Tone la Mafuta

Ewe msomaji, ukibahatika kuingia katika karakana ya motokaa siku ambayo injini iliyofunguliwa na kuundwa upya inakaribia kuwashwa, simama kando utazame. Utamwona fundi mzoefu amekwisha kukaza nati zote, amekwisha kujaza maji na mafuta, na hata hivyo hana haraka ya kuiwasha. Kifuniko cha juu cha injini bado hajakirudisha mahali pake. Ameinama, kurunzi mkononi, macho ameyakaza kama mtu anayengojea maji yachimbuke katika kisima kipya. Nyuma yake amesimama mwenye gari, moyo wamdunda, kwa kuwa fedha zake zote zimo katika chuma kile. Fundi hasemi neno. Angojea kitu kidogo sana, nacho ni tone la mafuta.

Kwa nini mtu mwenye ujuzi mwingi namna hiyo angojee kitu kidogo hivyo? Jibu lake ni refu kuliko linavyodhaniwa. Ni habari iliyochukua maelfu ya miaka, na ndani yake wamo watumishi wa liwali wa Misri, mtoto wa wazazi waliotoroka utumwa, na mtafiti wa Kiingereza aliyeshindwa na kizibo cha mti. Fuatana nami tuizungukie habari hiyo, kisha turudi karakanani tumkute fundi wetu palepale tulipomwacha.

Tuanze na viganja vyako mwenyewe. Vifikiche kwa nguvu kwa muda wa nusu dakika, nawe utasikia joto. Joto hilo ni ushuru unaotozwa kila kitu kinachopita juu ya kingine, na jina la mtoza ushuru huyo ni msuguano. Chuma hata kikisuguliwa kikang'aa kama kioo, ukikitazama kwa hadubini utaona kina vilima na mabonde. Vipande viwili vya chuma vikikutana vikavu, vilima vya hiki hukwaruza vilima vya kile. Vyote viwili hupata moto, hutanuka, na mwisho huweza kushikamana kama vilivyochomelewa. Kazi ya mafuta ni kuingia kati yao na kuwatenga mahasimu hao, ili chuma kiteleze juu ya mafuta wala kisikwaruze chuma mwenziwe.

Siri hii watu waliitambua zamani mno. Huko Deir el-Bersha nchini Misri, katika kaburi la liwali mmoja aliyeitwa Djehutihotep, ilichorwa picha karibu miaka 1900 kabla ya kuzaliwa Kristo. Picha hiyo yaonyesha sanamu kubwa ya jiwe imewekwa juu ya chombo cha kuburuta, kisicho na magurudumu, na wanaume 172 wakivuta kamba. Penye miguu ya sanamu amesimama mtu mmoja peke yake, amimina kitu cha majimaji kutoka mtungini juu ya mchanga ulio mbele ya chombo. Kwa muda mrefu wako wataalamu waliodhani kuwa mtu huyo alikuwa akifanya ibada tu. Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walijaribu jambo lile kwa mchanga na maji, wakaona kwamba mchanga uliolowa kwa kadiri inayofaa huipunguza nguvu ya kuburuta kwa karibu nusu. Maji yakizidi au yakipungua, faida hupotea. Basi yule mtu mmoja mwenye mtungi aliweza kuwatua mzigo watu wengi wenye kamba, na ungemwondoa, kazi ingedai umati mwingine.

Kwa karne nyingi baadaye wanadamu walipaka mafuta ya wanyama katika ekseli za mikokoteni na katika vinu. Hata mitambo ya mvuke ilipoenea katika Uingereza katika karne ya 18, mafuta yake yalikuwa shahamu ya ng'ombe na ya kondoo. Shahamu ilitosha maadamu mvuke ulikuwa wa joto la kiasi. Joto lilipoongezeka, shahamu ilianza kuchacha na kutoa asidi, na asidi ikala chuma ambacho shahamu ilitumwa kukilinda. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima chake maarufu cha mafuta karibu na Titusville, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, na baada ya hapo mafuta ya kutoka ardhini yakaanza kuchukua nafasi ya shahamu. Yalistahimili joto zaidi, wala hayakuoza.

Hata hivyo swali kubwa lilibaki bila jibu. Mafuta mazuri yamepatikana. Ni nani atakayeyafikisha mahali yanapohitajiwa? Katika magari ya moshi ya wakati ule jibu lilikuwa mkono wa mtu. Gari lilikwenda masafa fulani, likasimama, na mpakaji akashuka na kopo lake lenye mdomo mrefu, akazunguka kila kiungo akitia mafuta. Gari lilipokwisha kunywa ndipo safari iliendelea.

Katika hali hiyo alitokea Elijah McCoy. Wazazi wake walikuwa watumwa katika jimbo la Kentucky, wakatoroka mpaka Kanada, na huko ndiko alikozaliwa. Alipokuwa kijana walimpeleka Uskoti kusomea uhandisi wa mitambo. Alirudi na elimu yake, akaenda Michigan kutafuta kazi. Lakini kwa sababu ya rangi ya ngozi yake hakuna aliyemwajiri kuwa mhandisi. Kampuni ya reli ilimpa kazi ya kuchochea moto na kupaka mafuta. Mtu mwingine angalivunjika moyo. McCoy alizunguka na kopo lake, na kila alipozunguka alijiuliza kwa nini gari zima lisimame kwa ajili ya matone machache. Mwaka 1872 alipata hataza ya kikombe chake cha mafuta, kilichofungwa juu ya mtambo na kudondosha mafuta yenyewe wakati mtambo ukifanya kazi. Kabla ya kufa mwaka 1929 alikuwa amepata hataza zaidi ya 50, na nyingi kati yake zilihusu jambo hilohilo la kulainisha mitambo. Tafakari, msomaji: kazi aliyopewa kwa kudharauliwa ndiyo iliyompa nafasi ya kuona alichokosa kuona mhandisi aliyeketi ofisini.

Tuvuke sasa bahari, twende Uingereza. Mnamo mwaka 1883 chama cha wahandisi wa mitambo cha nchi hiyo kilimpa Beauchamp Tower kazi ya kupima msuguano wa beringi. Beringi ni kitako ambacho ekseli huzunguka ndani yake au chini yake. Tower aliweka ekseli ya unene wa inchi 4, akailalia na beringi kwa juu kama tandiko juu ya mgongo wa punda, na sehemu ya chini ya ekseli akaichovya katika mafuta. Kisha akataka kujaribu njia ya desturi ya kutia mafuta kwa juu, kwa hiyo akatoboa tundu katikati ya beringi. Mtambo ulipozungushwa, jambo la ajabu likatokea: mafuta yalipanda katika tundu lile yakamwagika nje. Akaliziba kwa kizibo laini, kikatoka. Akaliziba kwa kizibo cha mti. Nacho kikasukumwa polepole mpaka kikatoka.

Mtu mvivu wa fikira angalitafuta kizibo kikubwa zaidi akakigongomea. Tower alikifanya kizibo kuwa mwalimu wake. Alifunga geji ya kupimia kani mahali pale, na baada ya dakika chache mshale wake ukapita ratili 200 kwa inchi ya mraba, ambao ulikuwa mwisho wa alama zake, hali ya kuwa uzito uliolazwa juu ya beringi ulikuwa wastani wa ratili 100 tu kwa inchi ya mraba. Maana yake ni kwamba ekseli ile, kwa kuzunguka kwake, ilikuwa imeyavuta mafuta ndani na kujitengenezea mto wa kuelea, hata chuma kikawa hakigusi chuma. Mwaka 1886 Osborne Reynolds, profesa katika mji wa Manchester, alieleza kwa hesabu namna jambo hilo linavyotokea: mafuta hujipenyeza kama kabari katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba, na kabari hiyo huuinua mzigo. Tangu siku hizo wahandisi wamejua kwamba beringi iliyotengenezwa vema huelea. Lakini wamejua pia sharti lake, kwamba mafuta yawepo pale daima. Yakikosekana, hapana cha kuelea juu yake.

Mwaka huohuo wa 1886, Karl Benz wa Ujerumani alipata hataza ya motokaa yake. Motokaa za kwanza zililainishwa kwa vikombe vya kudondosha, kwa grisi na kwa makopo ya mkono, kama ndugu zao wakubwa wa mvuke. Nyingine zilikuwa na vigilasi mbele ya dereva, ili aone matone yakishuka huku akiendesha. Mafuta yalidondoka, yakafanya kazi, yakamwagika barabarani.

Ford Model T, iliyotengenezwa toka mwaka 1908 hata 1927, na kufikia motokaa zaidi ya milioni 15, ilitumia njia nyingine. Haikuwa na pampu ya mafuta wala geji. Gurudumu zito la nyuma ya injini lilizunguka ndani ya mafuta, likayarusha huku na huku. Mengine yakaingia katika bomba yakapelekwa mbele, mengine yakanyesha kama mvua juu ya kila kilichokuwa ndani. Kujua kama mafuta yanatosha, mwenye gari alilala chini ya gari akafungua vibilula viwili: mafuta yakitoka katika cha juu, yamejaa, yasipotoka hata katika cha chini, ni hatari. Njia hiyo ilifaa kwa sababu vali za injini ile zilikuwa ubavuni, chini, karibu na mvua yenyewe.

Hapa yatupasa tujue vali ni nini. Vali ni mlango mdogo wa chuma. Kila silinda ina mlango wa kuingizia hewa na petroli, na mlango wa kutolea moshi. Milango hiyo hufunguliwa na kamshafti, yaani mtaimbo wenye nundu unaozunguka nusu ya mwendo wa injini. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 1,500, ambayo ni mara 25 kwa kila sekunde. Hebu jaribu kuufungua na kuufunga mlango wa nyumba yako mara 25 kwa sekunde moja, ndipo utakapojua bawaba zake zinadai nini.

Wahandisi waligundua kwamba injini hupumua vizuri zaidi milango hiyo ikiwekwa juu, kichwani. David Buick na mafundi wake huko Marekani walikuwa miongoni mwa waliotangulia. Motokaa ya Buick ya mwaka 1904 ilikuwa na vali za juu. Lakini kamshafti ilibaki chini. Ikawa lazima nundu iinue kipande kiitwacho tapeti, tapeti isukume fimbo ndefu, na fimbo iinue roka, ambayo ni kama pembea ya watoto: upande mmoja ukipanda, wa pili hushuka na kuikandamiza vali. Nguvu ya injini iliongezeka, na pamoja nayo likazaliwa tatizo jipya. Mvua ya mafuta inyeshayo chini haikufika kichwani. Katika injini nyingi za mwanzo roka zilikuwa wazi hewani, na mwenye gari alizitia mafuta kwa mkono. Vumbi lilizipata, mvua ilizipata, na mwenye kusahau alizisikia zikigonga kama nyundo za mfua bati.

Dawa yake ilikuwa pampu. Mwaka 1890 Albert Charles Pain, aliyefanya kazi katika kiwanda cha mitambo ya mvuke mjini Birmingham, alipata hataza ya kusukuma mafuta kwa pampu mpaka katika kila beringi. Frederick Lanchester alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuitumia fikira hiyo katika motokaa. Polepole njia hiyo ikaenea: mafuta hukaa katika karai chini ya injini, pampu huyavuta, huyasukuma katika njia nyembamba zilizotobolewa ndani ya chuma, yakapita katika beringi, yakapanda kichwani, kisha yakatiririka kurudi karaini. Mnamo mwaka 1923 likaongezwa chujio, lililobuniwa na Ernest Sweetland. Sasa injini ikawa na moyo wake, mishipa yake na figo lake, na mkono wa mtu ukapumzika.

Nitakupa mfano mmoja wa mishipa hiyo ili uone jinsi ilivyo ya hila. Mwaka 1955 Chevrolet walitoa injini ya silinda 8 ambayo imepata sifa kubwa duniani. Ndani yake kila fimbo ya kusukumia roka ina uwazi katikati kama mwanzi. Mafuta huingia katika tapeti, hupanda ndani ya fimbo, hutokea juu na kuilowesha roka. Fimbo moja yafanya kazi mbili, kusukuma na kunywesha. Katika injini nyingine, kama zile zenye roka zilizopangwa juu ya shafti moja yenye uwazi, mafuta hupanda kwa tundu moja tu toka kwenye beringi ya kamshafti, yakaingia shaftini, yakagawanywa kwa matundu madogo, kila roka fungu lake. Ziko hata injini ambazo mafuta hupanda kichwani pale tu tundu la kamshafti linapokutana na tundu la beringi. Yaani hupanda kwa mapigo, si kwa mfululizo.

Angalia basi, msomaji, tulikofika. Zamani mtu aliyaona mafuta yakidondoka kutoka katika kopo lake mwenyewe. Leo yamefichwa ndani ya chuma, na macho yameachiwa mshale mmoja wa geji au taa moja nyekundu. Hiyo ni neema kubwa kwa injini iliyo nzima. Kwa injini iliyofunguliwa ni mtego, nami nitakueleza kwa kisa nilichokiona.

Mwalimu mmoja mstaafu aliuza ng'ombe wawili ili injini ya gari lake la mizigo itengenezwe upya, kwani gari lile ndilo lililompatia riziki. Kazi ilifanywa kwa bidii: pistoni mpya, beringi mpya, gasketi mpya. Siku ya kuwasha, kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi aliinama juu ya injini iliyokuwa ikinguruma, akasema, "Mzee, huku juu naona pakavu." Fundi akamwonyesha geji. Mshale ulikuwa umesimama imara. "Wee kijana," akamjibu, "tazama kipimo. Kipimo hakisemi uongo." Kifuniko kikafungwa, mwalimu akatoa shukrani, akaondoka. Kabla jua halijatua gari lilirudi likivutwa kwa kamba. Kichwa kilipofunguliwa, shafti ya roka ilikuwa imegeuka rangi ya samawati kwa moto, na roka kadha zimechubuka na kukwama. Gundi ya gasketi ilikuwa imepakwa kwa wingi. Ikasukumwa pembeni wakati wa kukaza, ikaingia katika lile tundu moja linalopandisha mafuta, ikakauka humo.

Nimelifikiri sana jibu la yule fundi. Ni kweli kwamba geji haikusema uongo. Iliulizwa kama mafuta yanasukumwa, nayo ikajibu kwamba yanasukumwa. Haikuulizwa kama yamefika. Geji hupima kani mahali pamoja tu, pale ilipofungwa. Njia iliyoziba mbele yake haiushushi mshale, na pengine huusaidia kusimama. Kusukumwa ni jambo moja, na kufika ni jambo jingine, na ushahidi wa kufika hutolewa mwisho wa njia. Kijana yule alikuwa amesimama mwisho wa njia, na macho yake yalikuwa shahidi bora kuliko kipimo cha fundi wake.

Kwa sababu hiyo mafundi wazuri wamejiwekea kanuni. Kabla ya kuunganisha, hupitisha waya na brashi katika kila njia ya mafuta, kisha hewa ya nguvu, kwa maana chenga za chuma zilizobaki baada ya kuchonga hujificha humo. Hutazama kama tundu la beringi ya kamshafti limekaa sawa na tundu la injini, kwa kuwa beringi ikipachikwa imejipinda kidogo, njia imefungwa milele. Hutazama gasketi ya kichwa isigeuzwe ikafunika tundu, na shafti ya roka isipachikwe juu chini. Nundu za kamshafti na nyuso za tapeti hupakwa mafuta mazito ya kuanzia, kwa sababu katika injini nyingi nundu hizo hazina mfereji wake. Hungojea mafuta yanayorushwa na sehemu nyingine, na katika sekunde za kwanza hakuna kilichorushwa bado.

Kisha huizungusha pampu kabla ya kuiwasha injini. Katika ile Chevrolet niliyoitaja, distribyuta huondolewa, na pampu huzungushwa kwa drili ya umeme kwa kutumia chombo maalumu. Hapa pana funzo zuri la hila ya mishipa. Mwili wa distribyuta yenyewe huwa ni sehemu ya ukuta wa njia ya mafuta ya upande mmoja. Asiyejua hilo hutumia chuma kitupu kuzungushia pampu. Mafuta huvuja palipokuwa na distribyuta, na roka za upande ule hubaki kavu. Huyo huanza kufungua injini nzima akitafuta kosa lisilokuwamo. Ajuaye hutumia chombo chenye kola inayoziba pale, na pande zote mbili hupata haki yake.

Katika injini ambazo pampu yake haiwezi kufikiwa namna hiyo, plagi hutolewa ili injini iwe nyepesi, umeme wa kuchomea na petroli hukatwa, na stata huizungusha injini kwa vipindi vifupi. Namna zote mbili zina mwisho mmoja: kifuniko kiwe wazi, na fundi ahesabu roka. Zikiwa 16, ahesabu 16. Asione 15 zimelowa akaikopesha ile moja imani yake. Ikiwa moja ni kavu, huizungusha injini kwa mkono kidogo kidogo, robo ya mzunguko kwa robo, kwa kuwa huenda tapeti yake au tundu la kamshafti halijafika mahali pa kupitisha mafuta. Hangojei kwa sekunde chache akakata tamaa, wala hasemi imeziba kabla hajaipa kila nafasi. Na kama baada ya mizunguko kadha bado ni kavu, hufungua tena, hata ikiwa jua limekuchwa na mwenye gari amenuna.

Injini yenye kamshafti mpya na tapeti bapa ikiwashwa kwa mara ya kwanza, haiachwi ikapumua polepole. Hupelekwa mara moja kwenye mwendo wa mizunguko kama 2,000 kwa dakika, na kuwekwa hapo kwa dakika 20 au 30, ili mafuta yarushwe kwa wingi juu ya nundu wakati nyuso mpya zinapozoeana. Waona basi kwa nini uchunguzi lazima utangulie. Mtu hawezi kuanza kutafuta mafuta katika dakika ambazo injini haina ruhusa ya kuzimwa ovyo wala kwenda polepole. Atakayeuliza swali lake baada ya kuwasha, jibu atalipata kwa gharama.

Katika nchi yetu maarifa haya si mapambo. Hapa Kenya injini ya kale haitupwi. Hufunguliwa, hutengenezwa, huwashwa tena, mara nyingi chini ya mti au chini ya jua kali, na nyuma ya kila injini iko familia inayoitegemea. Vijana wengi watakaosoma kurasa hizi watakuwa mafundi, na wengine watakuwa wenye magari wanaongoja nyuma ya fundi. Nawaomba wote wawili wawakumbuke watu tuliowapitia. Yule Mmisri mwenye mtungi alijua kwamba majimaji yafaa yamwagwe pale hasa chombo kinapopita. McCoy aliitazama kazi ambayo wengine waliidharau. Tower aliheshimu kizibo kilichokataa kukaa. Wote watatu walitazama kwa macho yao mahali penyewe jambo lilipokuwa likitendeka. Na yule kijana wa karakanani alifanya vivyo hivyo. Kilichomkosa ni mtu wa kumsikiliza.

Sasa turudi kwa fundi wetu tuliyemwacha ameinama. Msaidizi wake azungusha pampu, na sauti ya drili yaanza kuwa nzito, ishara kwamba mafuta yameshika. Mshale wa geji wapanda, fundi hautazami. Kurunzi yake iko juu ya roka. Ya kwanza yang'aa, kisha ya tatu, kisha mbili za nyuma. Tone latokeza penye kila moja, lavimba, lateremka. Aigeuza injini kwa mkono, angoja tena, ahesabu kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kutoka mwisho mpaka mwanzo. Zote zimelowa. Ndipo anaponyosha mgongo, anafuta mikono, na kumwambia mwenye gari, "Sasa niletee kile kifuniko."